Hivyo Hivyo Tunamtaka

Bi Zaïtoun wa mtaa wa Tsaramandroso, Majunga, alikuwa na swali moja, na kila alipojibiwa alizidi kutoelewa: utoto unasomewaje chuo kikuu? Udaktari alielewa. Sheria alielewa. Hata alipoambiwa kuna watu wanasoma samaki mpaka wakapewa shahada, alisema sawa, samaki wako chini ya maji, hawaonekani, lazima wasomewe. Lakini watoto? Watoto wamemjaa uani tangu asubuhi, na juzuu zao mapajani, wanakohoa, wanafinyana, wanakojoa pasipo pa kukojoa. Pana nini cha kutafuta hapo?

"Mama mdogo," Nadjma humwambia, "mtu mzima anadhani anamjua mtoto kwa sababu na yeye aliwahi kuwa mtoto. Kumbe amesahau."

"Mimi sijasahau. Nilipigwa sana."

Nadjma hucheka, naye Bi Zaïtoun hucheka kwa kumfuata, lakini moyoni yuko palepale.

Huyu Nadjma hakumzaa yeye. Alizaliwa na dada yake mkubwa, Charifa, hapahapa Majunga, kama wazee wanavyouita mji mpaka leo. Zilipozuka ghasia za mwisho wa mwaka 1976, na Wangazija wakawa wanauawa na kutolewa majumbani mwao, Nadjma alikuwa Nosy Be, kijijini Ambanoro, kwa koko Hayrat, bibi yake. Alipelekwa likizo tu. Alikuwa na miaka minane na kigauni kimoja cha kubadilisha. Charifa na mumewe wakapakiwa melini pamoja na wengi wengine, wakarudishwa Komoro, nchi ambayo Charifa hakuwahi kuiona. Mume wa Bi Zaïtoun naye alipanda meli ileile. Alisema atatuma habari, na kweli alituma: habari yenyewe ilikuwa talaka. Charifa homa ilimchukua huko huko Ngazija, kabla hajapata njia ya kumfuata mwanawe. Mungu amrehemu.

Bi Zaïtoun yeye alijificha kwa jirani Msakalava, mwenyeji wa pale, kisha akavuka na jahazi la mizigo, yeye na wakimbizi wengine na watoto wao, mpaka Nosy Be, akafika Ambanoro na bunda la nguo na kanzu ya marehemu baba yake. Akamkuta mtoto mlangoni. Mtoto hakulia. Aliuliza, "Na mama yuko nyuma?" Tangu siku hiyo Bi Zaïtoun akawa mama mdogo na mama mkubwa na baba. Alikaanga sambusa, akafundisha watoto wa kijiji Kurani, akamsomesha yule mmoja mpaka Hell-Ville, mpaka Majunga, mpaka Antananarivo, na kila alipomsindikiza alirudi nyumbani akiwa na hofu ileile: waendao hawarudi.

Lakini huyu alirudi. Nadjma alirudi Majunga na shahada yake ya mambo ya watoto na vijana, na Bi Zaïtoun akahama Ambanoro akaja kukaa naye katika nyumba ya baba yao ya Tsaramandroso, akafungua tena darasa lake la Kurani uani. Nadjma alikaa kwenye kigoda pembeni, akitazama watoto wakicheza baada ya somo, akiandika. Majirani walifikiri anahesabu nani ana chawa.

Basi, mwaka 1998, chuo kikuu kikatangaza kwamba kinatafuta mwalimu wa fani hiyo. Walioomba wakachujwa, wakabaki wawili: Nadjma, na bwana mmoja kutoka mji mkuu.

"Wakinipa, nakaa hapa," Nadjma alisema, walipokuwa wakichambua mchele. "Wasiponipa, mama mdogo, nitavuka bahari kwenda Réunion. Rafiki yangu amenitafutia kazi huko, kwenye nyumba ya kulelea watoto. Siwezi kukaa bure na umri huu."

Bi Zaïtoun aliendelea kuchambua. Kokoto aliziweka kwenye sufuria, mchele akautupa nje. Kuku wakafurahi.

Tangu siku hiyo kila sala yake ilikuwa na dua ya ziada. Hakumwomba Mungu cheo wala gari. Alimwomba asilete tena meli mlangoni pake.

"Kuna jambo lingine," Nadjma akamwambia. "Kabla hawajaamua watakuja hapa kutazama uwanja wetu, kwa sababu wanafunzi wataletwa kukaa na watoto wa mtaani, na wanataka kujua kama mtaa unamkubali mwalimu. Lakini ni mwezi ujao. Nitakuwapo."

Wiki ile ikaja habari kwamba koko Hayrat ameanguka bafuni. Nadjma akafunga safari ya kwenda Nosy Be. Na wageni hawakungoja mwezi ujao.

Walikuja Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Bi Zaïtoun alikuwa amewaruhusu watoto, anafagia uwanja, akasikia hodi ya mtu anayemjua. Alikuwa Mzee Youssoufa, mwadhini wa msikiti wa mtaa, kofia imenyooka, uso unang'aa.

"Zaïtoun," akanong'ona, "weka ufagio chini. Jitande vizuri. Heri imebisha mlango."

"Heri gani, Mzee?"

"We jitande tu!"

Nyuma yake alisimama bwana mfupi mwenye miwani, amevaa suti katika joto lile la Majunga, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Kando yake mama mmoja mnene mwenye mkoba mweusi na manukato mazuri, mkononi ameshika boksi la biskuti lililofungwa utepe mwekundu. Walimsimamisha Mzee Youssoufa nje ya msikiti wakamwuliza nyumba ya wazazi wa Nadjma iko wapi, kwa kuwa wamekuja kwa ajili yake. Sasa mzee wa watu afikiri nini? Ijumaa, suti, manukato, utepe mwekundu. Yeye ameongoza posa za mtaa ule tangu enzi za ujana wake. Aliwatangulia kama inavyompasa, naye Bi Zaïtoun alipowaona tu, moyo ukampasuka. Wamekuja kumposa Nadjma.

Wakakaribishwa mkekani. Yule bwana akajitaja jina, Jaotombo, wa chuo kikuu. Bi Zaïtoun akaitikia kwa kichwa. Wale wa kutazama uwanja ni mwezi ujao; huyu ana kazi nzuri, akawaza, lakini ni mfupi. Na mbona amekuja mwenyewe? Basi huyo mama lazima ni dada yake, ndiye msemaji.

Bwana Jaotombo akaanza kuzungumza kwa Kimalagasi, na kama ilivyo desturi ya Wamalagasi katika jambo zito, akaanza kwa kuomba radhi: yeye ni mdogo na kuna wakubwa, yeye hajui kusema na kuna wanaojua, kama atateleza asihukumiwe. Kabla hajafika kwenye shina la habari, Mzee Youssoufa akadakia.

"Umesamehewa, mwanangu, na ulilokuja nalo tumelifahamu. Haina haja ya kulitaja kavukavu. Uliza unachotaka kuuliza."

Yule bwana akashukuru. Aliambiwa kuwa Waislamu wa pwani ni watu wa adabu, kwa hiyo aliona bora afuate wanavyokwenda. Akamgeukia mama wa mkoba.

"Tumesikia mengi juu ya Nadjma," yule mama akasema. "Lakini wewe ndiye uliyemlea. Tuambie, ana subira?"

Hapa lazima mtu aijue desturi. Kwetu mzazi anayemsifu bintiye mbele ya waposaji ni kama mchuuzi wa samaki sokoni, anayefunua mashavu ya samaki kuonyesha kwamba hajaoza. Ni aibu, na tena ni kumwita hasidi. Mzazi mwenye heshima humshusha binti yake, humshusha mpaka chini kabisa, na mgeni mwenye heshima humjibu neno moja tu: "Hivyo hivyo tunamtaka." Hapo pande zote mbili hujua kwamba mambo yamekaa sawa.

Kwa hiyo Bi Zaïtoun alishusha macho, akasema, "Subira? Huyo? Hasira zake ni za papo kwa papo."

Akangoja neno lake. Halikuja. Yule mama alimtazama Bwana Jaotombo.

"Na watoto je?" akauliza. "Anapenda kukaa na watoto?"

"Watoto wanamchosha. Anawatazama tu."

Mzee Youssoufa akakohoa, kumkumbusha mgeni zamu yake. Mgeni akadhani mzee ana kifua, akamsogezea maji.

"Mtaani anaelewana na watu?"

"Ataelewana nao wapi! Kutwa kichwa kitabuni. Hata salamu mpaka aitwe mara mbili."

Bi Zaïtoun akaanza kuchanganyikiwa. Amemshusha vya kutosha, kwa nini hawamwinui? Au hawa ni watu wasiofunzwa? Au hawamtaki, wamekuja kuchungulia tu? Kisha jambo jingine likamjia. Na wakimtaka? Huyu bwana ana kwao. Atamchukua Nadjma ampeleke huko kwao, na yeye abaki na kuku.

Yule mama aliuliza la mwisho: "Na akipata nafasi hapa, unadhani atatulia?"

"Hatulii," Bi Zaïtoun akasema upesi. "Roho yake iko Réunion. Msijisumbue naye."

Hilo halikuwa la desturi. Hilo lilitoka kwake mwenyewe, akalisikia likitoka, akashindwa kulirudisha. Mama wa mkoba akafunga mkoba wake. Wakashukuru, wakala biskuti mojamoja ya boksi lao wenyewe, wakaondoka.

Mzee Youssoufa alibaki mlangoni ameshika kiuno. "Posa hii siielewi," akasema. "Nimeongoza posa za wavuvi, za wachukuzi, za mwendawazimu mmoja wa mtaa wa Abattoir. Wote walijua kujibu."

Asubuhi yake jirani Kouraichia aliegemea ukuta. "Wee Zaïtoun! Mungu kakuletea mkwe wa miwani na suti, ukamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni? Sasa unamngoja nani, waziri?"

"Mfupi," alisema Bi Zaïtoun, kwa kukosa la kusema.

"Mfupi! Unataka akaangue nazi?"

Nadjma aliporudi kutoka Nosy Be alikuta nyumba imenyamaza. Alisalimu kwa Kingazija, "Kwezi," na Bi Zaïtoun akamwitikia kama inavyoitikiwa, "Mbona, mwanangu," lakini hakumtazama usoni. Aliuliza hali ya koko Hayrat. Koko hajambo, mguu umevimba tu, anatukana kila mtu. Alhamdulillahi. Kisha akamwambia.

"Walikuja watu kukuposa."

"Nani?"

"Bwana mmoja mfupi. Jina lake Jaotombo, wa chuo kikuu. Na dada yake."

Nadjma alikaa chini, juu ya begi lake, mandazi ya koko Hayrat yakiwa ndani.

"Mama mdogo. Profesa Jaotombo ndiye mkuu wa kamati. Yule si dada yake, wanafanya kazi pamoja. Ulisema nini?"

Bi Zaïtoun alimweleza yote, moja baada ya jingine. Hata neno la Réunion alimweleza. Nadjma hakumlaumu. Hilo ndilo lililomwumiza Bi Zaïtoun zaidi. Alimshika mkono akasema, "Basi. Ni majaliwa." Akaingia chumbani, na Bi Zaïtoun akasikia sanduku likivutwa kutoka mvunguni.

Aliswali, na ndani ya sala akasahau rakaa, akaanza upya, akasahau tena. Alimwomba Mungu asilete meli, na meli ameiita yeye, kwa mdomo wake, akidhani anaifukuza! Hilo alilizungusha kichwani mpaka likamtia kizunguzungu. Amefanya kosa, au amefuata desturi? Na kama ni desturi, mbona lile neno la mwisho halikuwamo katika desturi?

Kulipopambazuka aliloweka mchele, akausaga, akaoka mkate wa sinia, ule wa nazi na iliki, kwa kuwa mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Aliufunika kwa kitambaa cheupe, akapanda pusipusi, kigari kile cha kuvutwa na mtu.

"Wapi, mama?" akauliza mvutaji.

"Chuo kikuu."

"Kuuza mkate?"

"Kuurudisha ulimi wangu," akasema, na mvutaji akaona bora asiulize tena.

Kule alipotea. Ngazi zote zilifanana, milango yote ilifanana, na vijana aliowauliza walimwelekeza kila mmoja upande wake. Aliingia chumba chenye mifupa ya mtu imesimama, akasema "Audhubillahi" na kutoka. Mwishowe Bwana Jaotombo mwenyewe alimwona ukumbini na sinia kichwani.

"Mama! Umekuja na nini?"

"Mkate. Na maneno yangu ya Ijumaa, nimekuja kuyachukua. Yote nilisema kinyume."

"Yote?"

"Isipokuwa la Réunion. Hilo ni kweli kama mtamkataa. Msipomkataa si kweli. Sijui nielezeje, bwana, na mimi limenichanganya."

Bwana Jaotombo alimkalisha kitini. Yeye naye alionekana hajui ashike wapi. "Lakini mama, wewe ndiye uliyemlea. Tuliandika kama ulivyosema. Nani atamjua kukushinda?"

"Mlipaswa kujibu 'hivyo hivyo tunamtaka.' Nilikungojeni mseme. Mzee Youssoufa alikohoa makusudi!"

"Nikampa maji," akasema Profesa polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha kicheko kikamtoka, kikawa kikubwa mpaka akashika meza. "Kwetu pia, mama! Kijijini kwa bibi yangu, kwenye ndoa, msemaji humshusha binti mpaka unamwonea huruma. Kwa nini sikujua? Ni kwa sababu sikuwa nimekuja kuoa."

"Mimi nilidhani unakuja kumchukua," Bi Zaïtoun akasema, macho kwenye sinia. "Kila aliyekuja mlangoni kwangu kwa ajili ya mtu, alimchukua."

Kicheko kikakoma. Bwana Jaotombo alikata kipande cha mkate, akala.

"Tulichoandika siwezi kukifuta," akasema. "Lakini kamati haijamaliza. Tunaweza kuja tena."

"Posa njema hurudi mara ya pili," Bi Zaïtoun akasema, akajishika mdomo.

Wakaja Ijumaa ya pili. Mzee Youssoufa aliwatangulia tena, maana hakuna aliyeweza kumweleza akaelewa, na wengine walimwonea haya kumweleza. Nadjma alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Aliambiwa na Profesa asitoke, wanataka kumsikia mlezi peke yake. Mzee Youssoufa aliona ndivyo inavyopasa.

"Tuanze upya," alisema mama wa mkoba, kwa upole sasa. "Ana subira?"

Bi Zaïtoun alifungua kinywa. Alikuwa amejifunza jibu wiki nzima: ndiyo, ana subira, anapenda watoto, watu wanampenda. Lakini ulimi haukutii. Miaka yote ile hakuwahi kumsifu mtoto yule mbele ya mgeni. Alisema, "Ana..." akakwama. Akasema, "Mashallah," akakwama tena. Kijasho kikamtoka.

"Siwezi," akasema. "Nisameheni. Nitawaambia mchezo tu."

"Mchezo gani, mama?"

"Wa Ambanoro. Mwaka ule tulipofika kutoka hapa, watoto waliokuja nasi walikuwa na mchezo wao. Ufukweni palikuwa na mtumbwi umepinduliwa. Mmoja anaita majina, kama walivyoitwa watu melini. Anayeitwa anapanda juu ya mtumbwi, anakaa, hasemi. Wanaitwa mpaka anabaki mmoja chini, na huyo analia. Basi, mchezo umekwisha. Kila siku huo huo. Watu wazima tuliwapiga, tukiwaambia mnatuletea mikosi, mnaitaka meli irudi? Wakipigwa wanauhamishia nyuma ya miti."

Alimeza mate.

"Siku moja nilikwenda na fimbo. Nikamkuta huyu wangu, mamake amekwenda na meli hiyo hiyo, naye ndiye aliyebaki chini. Nikasema sasa atalia. Hakulia. Akasema, 'Mchezo haujaisha. Mimi nitawaita warudi.' Akawaita mmoja mmoja. Kila anayeitwa anaruka chini, na lazima aulizwe: 'Umetuletea nini?' Mwingine anasema nimeleta kanga, mwingine nimeleta mbuzi. Palikuwa na mtoto anaitwa Chaher, tangu tufike alikuwa hajatoa neno, tulidhani amekuwa bubu. Alipoitwa hakushuka. Huyu akamngoja. Wengine wakachoka, wakaanza kurusha mchanga, huyu anangoja tu. Jua likapanda. Kisha Chaher akaruka. Akaulizwa, 'Umetuletea nini?' Akasema, 'Maji.'"

Bi Zaïtoun akapangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Nilikuwa na fimbo mkononi. Nikakaa chini. Sijui kama hiyo ni subira au ni nini. Nyinyi ndio mliosoma."

Mzee Youssoufa alikuwa anatazama mkeka. Bwana Jaotombo alimgusa mwenzake kiwiko, na yule mama, ambaye njiani alifundishwa neno lake, alilitamka kwa sauti iliyokatika katikati:

"Hivyo hivyo tunamtaka."

"Alhamdulillahi!" akapaza Mzee Youssoufa kama yuko juu ya mnara. "Hapo sawa! Kumbe mnajua! Sasa tuzungumze mahari."

Kutoka nyuma ya pazia kilisikika kitu, na mpaka leo Kouraichia anasema kilikuwa kicheko na Bi Zaïtoun anasema kilikuwa kilio.

Jina la Nadjma lilitangazwa baada ya wiki chache. Sanduku likarudi mvunguni. Mzee Youssoufa alingoja harusi mwaka mzima, akawa akikutana na Profesa njiani anamtikisia kidole: "Wewe, kijana, unachelewa." Profesa, mwenye mke na wana huko nyumbani kwake, humwomba radhi kwa Kimalagasi kirefu.

Na Bi Zaïtoun? Hajaelewa mpaka leo. Wanafunzi huja uani kwake, vijana wakubwa wenye ndevu, wanakaa kwenye vigoda vya watoto wakitazama watoto wanavyorusha kokoto. Hajui awape chai au awasomeshe alifu. Siku nyingine hufanya yote mawili. Wakati mwingine humsikia Nadjma akiwaambia, "Ngojeni. Msimwulize. Mngojeni," naye husimama na kijiko mkononi, ameduwaa, kama anayesikia sauti anayoijua lakini hakumbuki ni ya nani.

Jioni pusipusi ya Nadjma ikisimama mlangoni, haulizi habari za kazi, maana akijibiwa hatafahamu. Humwuliza lile analolijua.

"Umetuletea nini?"

"Wanafunzi, mama mdogo," Nadjma hujibu akishuka. "Wako nyuma wanakuja kwa miguu. Na wana njaa."